Betri Mbili, Safari Moja



Vijana wenzangu, yatazame yale magari ya watalii yanayotoka Arusha kwenda Serengeti. Njiani wageni wanachaji simu. Usiku kambini injini imezimwa, lakini friji inapoza maji na taa zinawaka. Asubuhi dereva anageuza ufunguo, gari hilo linawaka. Inakuwaje?

Magari ya namna hiyo hufungwa betri mbili. Ya kwanza ni ya kuwasha injini. Ya pili ni ya matumizi: friji, taa, simu. Zote zinachajiwa na oltaneta gari likiwa safarini. Katikati yake mafundi huweka kifaa kidogo, rilei. Injini ikiwaka, rilei inasubiri kwanza betri ya kuwashia ipate chaji. Volti zikipita kidogo 13, ndipo inaiunganisha ya pili. Injini ikizimwa na volti zikishuka, inazitenganisha. Friji ikimaliza betri yake usiku, ile ya kuwashia haiguswi.

Nawaambia haya kwa sababu naona vijana wazuri wanazimika. Huyu ni mwalimu wa kwaya, ni katibu wa VIWAWA, michango ya jumuiya anakusanya yeye, harusi za marafiki kamati zote yumo. Kila mtu anachomeka kwake. Baada ya miaka miwili, hata Misa ya Jumapili humwoni. Watu wanasema "amepoa". Jamani, hakupoa kwa ubaya! Matumizi yote yaliunganishwa kwenye betri ya kuwashia, yaani uhusiano wake mwenyewe na Mungu, na hakukuwa na rilei.

Mtakatifu Bernardo wa Clairvaux, katika karne ya 12, aliliona hili bila kuona gari. Alifundisha kwamba mwenye hekima awe kama bwawa, si kama mfereji. Mfereji unapokea na kumwaga papo hapo. Bwawa linajaa kwanza, kisha linatoa kile kinachofurika. Katika falsafa nako tunafundishwa jambo rahisi: huwezi kutoa usichokuwa nacho.

Utaniuliza, "Bruda, huo si ubinafsi?" Hapana. Betri ya pili ipo ili itumike. Gari lenye betri moja tu iliyojaa halipozi maji ya mtu yeyote. Shida ni mpangilio. Yesu mwenyewe, baada ya jioni ya kuponya umati kule Kafarnaumu, aliamka alfajiri akaenda mahali pa upweke kusali. Wakamtafuta, watu bado walikuwa wengi. Naye akaendelea na utume kwenye vijiji vingine.

Na usisubiri maisha yatulie ndipo usali. Chaji inaingia gari likitembea. Wale wawili wa Emau walikuwa njiani, mwendo wa kama kilomita 11, wamekata tamaa, na ni hapo hapo Yesu aliungana nao na mioyo yao ikaanza kuwaka. Kwenye daladala, kwenye foleni ya benki, sali.

Lakini mafundi watakwambia pia: betri ya asidi hupokea chaji haraka mwanzoni, ila sehemu ya mwisho huingia polepole, kwa saa nyingi. Safari fupi fupi haziijazi. Ndiyo maana Emau waliishia mezani, wakaketi naye, na katika kuumega mkate wakamtambua. Sala za njiani zinahitaji Misa, Kitubio, na kukaa kimya mbele ya Ekaristi bila simu.

Wiki hii fanya kitu kimoja: kabla hujajibu ujumbe wowote asubuhi, mpe Mungu dakika kumi. Hiyo ndiyo rilei yako. Na kama unamjua kijana "aliyepoa", usimseme. Mpigie, umsalimie, usimwombe mchango wala kazi yoyote.

Ee Bwana, tujaze kwanza, kisha ututume. Amina.