NI NANI ALIYE MBALI NASI?



Toka Lubumbashi mpaka Kinshasa ni kilometa karibu 1,570 kwa njia ya anga. Avioni inazimaliza kwa masaa mawili na kitu. Tena saa ya Kinshasa iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Mtu akiondoka hapa saa nne ya asubuhi, anashuka kule saa tano na dakika chache, akidhani amesafiri saa moja tu. Lakini siku ya kurudi atailipa saa ile: akiondoka kule saa nne, atafika hapa saa saba imepita. Saa ya mkononi inaweza kutudanganya. Nchi haikupunguka hata hatua moja. Naye asiye na bei ya bileti anashika treni mpaka Ilebo, halafu meli kwa mto Kasai, safari ya siku nyingi.

Basi tunauliza: mtu anayefikiwa kwa masaa mawili, je, amekuwa karibu?

Katika mwaka 1921 wakubwa wa koloni walimhukumu Papa Simon Kimbangu kule Thysville, ndiyo Mbanza-Ngungu ya leo, wakamleta gerezani hapa kwetu, wakati ule Elisabethville. Walifikiri umbali utamaliza kazi: asiyeonekana atasahauliwa. Alikaa kifungoni miaka 30, mpaka kufa kwake tarehe 12 Oktoba 1951. Wafuasi wake wengi nao walihamishwa mbali na kwao. Lakini hawakumsahau. Mwaka 1959 serikali ile ile ya koloni ilikubali kanisa lake, na mwaka 1960 mabaki yake yalirudishwa Nkamba. Umbali ulishindwa na watu wasio na avioni.

Na sisi? Yaya yetu alikuwa mgonjwa kule Kinshasa. Tulisema: «Ni masaa mawili tu, tutaenda.» Kwa kuwa njia ilikuwa fupi, tuliahirisha. Mwezi ukapita, na mwingine tena. Hata telefoni tulipiga mara chache. Siku tuliyopanda avioni, tulikuwa tunaenda kwenye kilio. Tuliangalia saa: masaa mawili na kitu, kama walivyotuambia. Njia haikusema uongo. Ni sisi tuliosema uongo.

Mwingine atajibu: bileti ni bei kali, maskini afanye nini? Ni kweli. Mungu hatamwuliza maskini juu ya avioni. Atamwuliza juu ya kile alichoweza: sala, barua, neno moja kwa telefoni. Lakini sisi tuliopewa njia fupi tuna deni kubwa kuliko wale wa 1921.

Tena, mama mjane mgonjwa wa avenue ya pili, kwake ni dakika tano kwa mguu, bila bileti. Juma hili ni nani kati yetu aliyefika kwake?

Bwana atusaidie. Amina.