Wajukuu wangu, msigawane Uvira

Wajukuu wangu wa Uvira, wa Kiliba, wa Sange na wa Baraka, sogeeni mnisikilize. Nawapenda, na nina hofu juu yenu.

Siku hizi kijana akitafuta kazi anaulizwa kwanza mitualite yake, yaani chama cha kusaidiana cha kabila lake. Akigombea kiti, watu wanahesabu: Wavira wangapi, Wafuliru wangapi, Wabembe wangapi, Wanyamulenge wangapi, Warundi wangapi. Hakuna anayeuliza kijana huyo anajua kufanya nini. Njia hiyo sisi wazee tunaijua inakoishia.

Mitualite haina ubaya yenyewe. Ni ya kuzikana, kumchangia mgonjwa, kumlipia yatima karo. Ikibaki hapo ni baraka. Ikigeuka kuwa mahali pa kugawana kazi na kuchanga pesa za bunduki, wanangu, tokeni humo.

Kiliba mnaifahamu. Miwa ilijaa katika bonde la Ruzizi, na kiwanda cha sukari kilikula jasho la watu wa kila kabila na kuwalipa. Kwa mshahara ule watu walijenga, wakaoa, wakasomesha. Mwaka 1996 vita vilianzia huku kwetu, kiwanda kikafungwa, kikanyamaza miaka na miaka. Sasa niambieni, ni kabila gani lililobaki na mshahara wa Kiliba? Hakuna. Sukari tukaifuata ng'ambo, sote, kwa pesa zetu.

Tena tazameni sokoni. Mama anajaza kopo la ndagala, samaki wadogo waliovuliwa kwa taa usiku usio na mwezi na kuanikwa mchangani. Pembeni yake kuna mchele wa Luberizi, mawese ya Fizi, na jibini la Minembwe lililoteremshwa mlimani kwa miguu. Njia ya mlimani ikifungwa kwa bunduki, jibini halishuki, chumvi na ndagala havipandi. Mfugaji anakosa, mvuvi anakosa, na mama yule anakunja turubai lake saa sita mchana. Mimi husema: anayehesabu makabila sokoni hurudi na kikapu kitupu.

Najua mtanijibu, "Babu, walituua." Ni kweli. Makobola, mwishoni mwa 1998, Wabembe waliuawa kwa mamia. Gatumba, huko Burundi, tarehe 13 Agosti 2004, wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Wanyamulenge waliovuka kutoka kwetu, waliuawa kambini usiku. Mutarule, Juni 2014, zaidi ya watu 30, wengi wao Wafuliru, waliuawa usiku mmoja. Kila nyumba ina msiba wake. Lieni, waombeeni, daini haki mahakamani. Lakini msilipize. Kaburi la kisasi huomba jirani.

Na anayewapa bunduki, mwulizeni watoto wake wako wapi. Mara nyingi wako mbali, wanasoma. Ninyi ndio mtakaolala porini.

Wengine mnasema tukipata jimbo letu wenyewe mambo yatanyooka. Wanangu, Kivu ya zamani ilikatwa vipande vitatu mwaka 1988: Kaskazini, Kusini na Maniema. Miaka minane baadaye vita vikawaka papa hapa Kusini. Mpaka mpya haujawahi kumlisha mtu. Kinyume chake, Kongo, Rwanda na Burundi, pamoja na ugomvi wao wote, zilijenga pamoja bwawa la Ruzizi II, nalo likaanza kutoa umeme mwaka 1989. Kama nchi tatu zimeweza kutumia mto mmoja pamoja, ninyi mnashindwaje kuishi pamoja katika mji mmoja?

Nawaombeni basi, anzeni na kidogo. Fungueni ushirika wa mchele na ndagala, na daftari lake liwe na majina ya Mfuliru, Mvira, Mbembe, Mrundi na Mnyamulenge pamoja. Fedha zishikwe na anayejua hesabu, hata awe mtoto wa nani. Njia ikifungwa, nendeni wote pamoja kwa mwami, mtawala wa jadi, na kwa meya, msiende kabila kabila.

Na mtu akiwaita usiku kwenye mkutano wa kabila lenu peke yenu, kuzungumzia silaha, msiende. Nawasihi, wajukuu wangu, msiende.