Rangi Hazijakuishia, Mtunga Shanga wa Masakta

Usiniambie rangi zimekuishia. Umekaa hapo Masakta, wilayani Hanang, na makopo yako, la nyekundu, la nyeupe, la nyeusi, la buluu na mengine usiyoyafungua, uzi wa nailoni uko mkononi, na kila bangili unayoianza inatoka ileile ya wiki iliyopita: nyekundu tatu, nyeupe moja, nyeusi moja, halafu nyekundu tatu tena. Mkono unachoka kabla hujafika katikati. Umeanza kuamini kwamba dawa ni nauli ya Arusha ukanunue shanga mpya. Nauli iache mfukoni kwanza, dada yangu, unisikilize.

Mwaka 1824 mkemia mmoja Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, alikabidhiwa kusimamia utiaji rangi katika kiwanda cha Gobelins, Paris, kinachofuma mazulia ya kutundika ukutani. Alikuta malalamiko yanamsubiri: nyuzi nyeusi za kiwanda hazikolei. Akazilinganisha na nyeusi za viwanda vingine, akaona hazina kasoro yoyote. Kilichokuwa kikizifubaza ni nyuzi za buluu na zambarau zilizofumwa kando yake. Rangi ilikuwa nzima, ila jirani hakuifaa. Mwaka 1839 akatoa kitabu kinene juu ya jambo hilo hilo. Aliishi miaka 102, kwa hiyo sidhani kama rangi zilimchosha sana.

Sasa rudi kwenye makopo yako. Nyekundu yako ina nguvu zilezile ilizokuwa nazo siku ulipoinunua. Imekinaishwa na nyeusi na nyeupe unazoiweka nazo kila siku. Ihamishe!

Uihamishie wapi? Liulize jicho lako, tena lile lile unalolilaumu kwamba limechoka. Mimina shanga nyekundu kwenye kifuniko cha kopo mpaka zijae na kugusana. Tafuta karatasi nyeupe, hata ukurasa wa daftari la mtoto unatosha. Kaa mlangoni penye mwanga mzuri, zikodolee zile nyekundu bila kuhamisha macho, hesabu polepole mpaka thelathini, kisha tupa macho kwenye karatasi. Utaona doa linaelea, la kijani kinachoelekea buluu, limepauka kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Hakuna aliyelipaka. Sehemu za jicho zinazopokea wekundu zimechoka, zile za rangi nyingine bado zina nguvu, ndizo zinazosema peke yake. Tia ushanga mmoja wa rangi ya doa hilo kati ya nyekundu sita, uone nyekundu inavyoamka. Fanya hivyo kwa manjano, karatasi itakupa buluu iliyokaribia zambarau. Uchovu wako umekutafutia jirani mpya, bure, bila nauli.

Sasa nyanyua kichwa. Mlima Hanang una mita 3,417 na siku nzima haukai katika rangi moja: kijivu cha ukungu asubuhi, mchana kijani cha msitu chini na kaki ya nyasi juu, jioni buluu nzito. Wewe unaupita ukienda kisimani, hata huutazami. Na shamba la alizeti? Wengi wakiulizwa watasema ni manjano, wamemaliza. Lisogelee ua moja. Petali ni manjano, sawa, lakini katikati kuna hudhurungi inayokaribia weusi, imezungukwa na pete nyembamba ya rangi ya dhahabu, na nyuma ya ua kuna kijani chenye vumbi. Chukua rangi hizo nne pamoja na vipimo vyake: manjano nyingi, hudhurungi kiasi, dhahabu kidogo, kijani cha kugusia tu. Vipimo ndivyo watu wengi wanavyosahau. Rangi zilezile zikigawanywa sawa kwa sawa zinakuwa bendera, si kidani.

Ngano ya mashamba ya Basotu itakupa somo jingine, kijani kibichi kikigeuka dhahabu msimu mmoja. Chumvi ya Ziwa Balangida itakupa weupe juu ya tope la kijivu. Nenda ukatazame mwenyewe.

Kisha kuna urithi ulioukalia. Wairaqw walishona shanga juu ya sketi za ngozi zilizo kazi ya mikono ya hali ya juu. Kina mama wa Kidatoga huvaa ngozi na bangili za shaba, na upande wa Ziwa Eyasi wahunzi wao huyeyusha kufuli mbovu na koki za bomba kupata shaba hiyo. Angalia kinachotokea hapo: ngozi ya rangi ya udongo inatulia chini, shanga zinaimba juu yake, shaba inameta kati yake. Wewe unatunga shanga juu ya shanga juu ya shanga, jicho litapumzika wapi? Weka kipande cha ngozi. Weka pete moja ya shaba kati ya buluu na damu ya mzee.

Na usijione mdogo. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo ilibeba shanga za Venice kwa mizigo, na msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyepita bara mwaka 1857, aliandika kuwa aina za shanga zilifika kama 400. Mfanyabiashara aliyefika na shanga za rangi isiyopendwa mahali fulani alirudi nazo, au alizitupa. Mahali pamoja walipenda shanga nyekundu zilizoitwa samesame, kwingine walitaka nyeupe au buluu. Bibi zetu walikunja pua, na mafundi wa vioo Ulaya wakabadilisha rangi. Wewe mjukuu wao unaogopa kubadilisha kopo?

Siku ambayo kichwa kimegoma kabisa, azima. Macho hayana pazia. Kanga ya jirani yako kanisani tayari imepangwa na mtu anayelipwa kupanga rangi: tazama pindo, tazama mji, hesabu rangi, nazo aghalabu hazizidi tatu au nne. Au mwaga kwenye sahani nyeupe mabaki yote uliyofagia chini ya meza, uyatikise, uangalie ni zipi zimeangukiana vizuri. Mimi nayaamini mabaki kuliko mipango mingi.

Jambo moja la kazi tu: rangi zichague mchana. Chini ya taa ya njano usiku, buluu nzito na nyeusi ni ndugu, nyeupe na rangi ya maziwa huwezi kuzitenganisha, kumbe asubuhi unakuta umeharibu mkufu mzima. Mchana panga, usiku tunga.

Basi inuka. Kabla ya mnada ujao tengeneza bangili tatu kwa shanga hizo hizo ulizonazo: moja ya doa la kwenye karatasi, moja ya ua la alizeti, moja ya mabaki. Ile yako ya zamani iweke katikati ya hizo tatu kwenye mkeka, nyamaza, uangalie mkono wa mteja wa kwanza unakwenda wapi.