Kilichoumbwa Pasipo Sisi

Ami yangu, aliyenisomesha msahafu kule Wete nikiwa mtoto, ana kauli moja ambayo hajawahi kuirudisha nyuma: kila alichokiumba Mwenyezi Mungu kina faida kwa mwanadamu. Nyuki ana asali, punda ana mgongo, bahari ina samaki na safari. Ukimtajia nge au papasi atakwambia faida ipo, ila hatujaijua. Nimekua na kauli hiyo na kwa miaka mingi sikuwa na ugomvi nayo. Siku hizi ninao, na ulianzia kwenye majabali ya pwani ya Uskoti.

Ninaishi Aberdeen, ninakofanya kazi ya kuwahudumia wazee. Nikitoka zamu ya usiku hupenda kupitia Girdle Ness, rasi iliyo kusini ya mdomo wa mto Dee, penye mnara wa taa uliojengwa mwaka 1833. Mwezi wa Disemba jua la huku huchomoza saa tatu kasorobo asubuhi, na kabla ya saa kumi limeshakuchwa. Upepo wa Bahari ya Kaskazini hurusha maji ya chumvi hadi juu ya majani. Mti hauoti pale. Lakini majabali yenyewe yamevaa rangi, na kila rangi ina mahali pake.

Chini, pale maji ya bamvua yanapofika, jabali ni jeusi tititi. Wageni hudhani ni mafuta machafu ya meli, na katika mji wa mafuta kama huu dhana hiyo huja upesi. Si mafuta. Ni kiumbe hai, jina lake la kitaalamu Hydropunctaria maura. Juu yake hufuata mkanda wa rangi ya machungwa, wa Caloplaca marina na Xanthoria parietina. Juu zaidi, yasipofika mawimbi ila manyunyu yake, ni kijivu, na humo vishungi vya Ramalina siliquosa hutikisika kwa upepo. Zote hizo ni kuvumwani: kuvu na mwani wanaoishi mwili mmoja, kuvu akitoa makazi na mwani akitengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Mswisi Simon Schwendener aliposema hivyo katika miaka ya 1860, wengi katika wataalamu wa wakati wake walimkatalia katakata.

Nimejinunulia kioo cha kukuzia, na Xanthoria ndiyo niliyoitazama zaidi. Juu yake kuna visahani vidogo vidogo vya rangi iliyokolea, kingo zake zimepauka. Humo kuvu hutolea spora zake. Sehemu iliyoelekea jua ina rangi kali ya machungwa. Ukifuata kiumbe hichohicho hadi ndani ya ufa wenye kivuli, rangi inafifia na kuwa kijani cha kijivujivu. Sababu yake imechunguzwa vizuri. Rangi ile inatokana na kemikali iitwayo parietini, ambayo kuvu huiweka kwenye ngozi yake ya juu ili kupunguza mwanga mkali usije ukamuunguza mwani aliye chini yake. Penye kivuli haihitajiki sana, basi haitengenezwi kwa wingi. Siku niliyoelewa jambo hilo nilisimama palepale muda mrefu. Uzuri niliokuwa nikiufurahia kila asubuhi haukuwekwa kwa ajili ya macho yangu. Ulikuwa unamkinga mwani.

Na mengine yako hivyohivyo. Ukame, chumvi na barafu ni maadui watatu wenye kazi moja, kuipokonya chembe hai maji yake. Mwani aliye ndani ya Xanthoria hutengeneza ribitoli, jamii ya sukari, na kuvu akiipokea huigeuza kuwa manitoli. Vitu hivyo huzilinda chembe zisiharibike maji yanapopungua. Upepo mkavu ukivuma siku kadhaa, kuvumwani hukauka hadi inavunjika ukiigusa, na uhai wake husimama. Likipita wimbi la manyunyu, ndani ya dakika chache imelainika na kazi imeanza upya. Zikiwa kavu, baadhi yake zimetiwa katika naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na zikaamka salama. Huko Antaktika, penye aina mbili tu za mimea ya maua, kuna takriban aina 400 za kuvumwani, na mojawapo imepimwa ikiwa bado inatengeneza chakula katika nyuzi 17 chini ya sifuri.

Nilimpigia simu ami nikamueleza haya yote. Alinisikiliza, kisha akaniuliza kama nimeyasahau marere.

"Marere si hayohayo, mwanangu? Wazee wakiyachuma kwenye miti, yakipakiwa melini kwenda Ulaya kutiwa rangi nguo. Hiyo si faida?"

Ni kweli. Marere ni kuvumwani ya jamii ya Roccella, na katika karne ya 19 yaliuzwa kutoka pwani yetu, yakipita Unguja pamoja na karafuu, sandarusi na pembe, kwa sababu hutoa rangi ya zambarau. Lakini mwaka 1856 kijana wa miaka 18 huko London, William Henry Perkin, aligundua namna ya kupata zambarau kutokana na lami ya makaa ya mawe, na baada ya rangi za viwandani kuenea soko la marere likafa. Nikamuuliza ami: ikiwa marere yaliumbwa kwa ajili ya nguo za watu, je, hekima ya kuumbwa kwake ilikwisha siku kijana yule alipofaulu? Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Hekima ya Mungu haifungwi na duka la Mzungu." Kwa neno hilo, ami yangu, ulinipa hoja yangu mwenyewe.

Hakuishia hapo, na hoja yake ya pili ndiyo yenye uzito. Alisema huenda kuvumwani ziliandaliwa mapema zivunje mawe yawe udongo, ili sisi tukija tukute pa kulima. Katika mkoa huuhuu, kijijini Rhynie, kuna mawe ya miaka takriban milioni 400 yenye masalia ambayo wataalamu huyahesabu miongoni mwa kuvumwani za kale kabisa, na ni kweli kwamba viumbe wa namna hiyo husaidia kufanya udongo. Ila ule mkanda mweusi wa Girdle Ness haumfanyii mtu shamba. Chembe ya mchanga ikibanduka pale, bahari inaichukua.

Kutumia tumeruhusiwa, wala sina shaka na hilo. Lililonishinda kuamini ni kwamba matumizi yetu ndiyo sababu ya kitu kuwepo. Swali lenyewe si geni katika Uislamu. Ikhwan al-Safa wa Basra, katika karne ya 10, waliandika kisa kirefu ambamo wanyama wanamshitaki mwanadamu mbele ya mfalme wa majini, wakikana kwamba waliumbwa wawe watumwa wake. Mwanadamu anashinda kesi mwishoni, lakini si kwa sababu ya nguvu wala ujanja wake, na kabla ya hapo anasikia maneno mazito. Katika baraza lile hakusimama mtu kuyasemea majabali.

Mambo haya hayaishii vitabuni. Mwaka 1967 meli ya mafuta Torrey Canyon ilipasuka karibu na Cornwall, na watu wakaumwagia ufukwe sabuni za viwandani ili usafike upesi. Sabuni zile ziliua viumbe wa mwambani wengi kuliko mafuta yenyewe, na kuvumwani zikadhurika pamoja nao. Mwamba ulisafishwa uwafae watu. Waliokuwa wakiishi juu yake hawakuingia kwenye hesabu.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wa madrasa, ami yangu akiwa wa kwanza wao. Mkifika kwenye somo la uumbaji, msiishie kwa ng'ombe na maziwa yake. Watoeni watoto nje, waonyesheni marere kwenye shina la mti au doa la kijivu juu ya jiwe la kaburi, na mwambieni kila mmoja aliangalie kwa karibu. Mmoja akiuliza lina faida gani kwetu, msimtafutie jawabu kwa nguvu. Mjibuni kwamba huenda halina, kisha endeleeni na somo.