Nani Ameshika Rula?

Mwaka 2001, watu 17 wa kutengeneza programu walikutana Snowbird, Utah, wakaandika tamko la Agile: kazi iende kwa vipande vidogo, mteja asikizwe. Maendeleo, walisema, yapimwe hasa kwa programu inayofanya kazi.

Kampuni kubwa zilipoichukua, mabosi walitaka namba. Timu zilikuwa zikikadiria uzito wa kazi kwa pointi, zijipangie wiki chache zijazo. Pointi zikapanda ghorofani, zikawa ripoti. Sasa, ukijua unalinganishwa na timu jirani, kazi ya pointi 3 si utaiita 5? Kasi inapanda kwa karatasi, mteja bado anangoja. Ron Jeffries, mmoja wa wale 17, alishaandika kwamba huenda ndiye aliyebuni pointi hizo, na anajuta.

Ni rahisi kusema mfanyakazi ni mwongo. Mimi nauliza: nani ameshika rula, na akishapima anafanya nini? Kipimo cha kujifunza huhitaji ukweli. Kipimo cha kuadhibu hufundisha watu kuuficha.

Unataka kujua kama Agile imesaidia? Muulize mteja alipata nini, lini. Kisha angalia kama kuna mtu anaweza kusema "tumechelewa" bila kuhofia kazi yake.