Je, Yaliyompata Mtu ni Hoja?

Wazee wetu husema: adhabu ya kaburi aijua maiti. Maneno haya ni ya kweli. Lakini twapenda kuwauliza ndugu wasomaji: je, maiti mmoja huyajua makaburi yote?

Swali hili limewashughulisha mno wanawake wa Marekani walioandika juu ya dhulma wanayotendewa wanawake. Mwaka 1963 Betty Friedan alitoa kitabu juu ya huzuni ya wake wakaao nyumbani, na mwanzo wa utafiti wake ulikuwa ni kuwauliza wanawake aliosoma nao chuoni. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1960, wanawake wa New York walikuwa wakikutana na kujiuliza swali moja, kila mmoja akijibu kwa yaliyompata mwenyewe. Aliyedhani kuwa taabu yake ni aibu ya nyumba yake peke yake, akaona ya wenziwe yafanana nayo. Ndipo mmoja wao, Carol Hanisch, alipoandika mwaka 1969 kwamba taabu hizo si ugonjwa wa mtu mmoja wa kutibiwa, bali ni jambo la wote, la kuondolewa kwa umoja.

Hapana shaka hoja hii ina nguvu. Zamani wengi walioandika juu ya mwanamke walikuwa wanaume, wakamhukumu bila ya kumsikiliza. Na kadhi asiyesikiliza mashahidi hukumu yake haina msingi.

Lakini kutoa ushahidi si kutoa hukumu. Mwaka 1984 mwandishi mweusi aliyejiita bell hooks alimkosoa Friedan kwa kuwa amewaeleza wake weupe wenye elimu na nafasi kana kwamba hao ndio wanawake wote, wala hakuuliza ni nani atakayelea watoto na kufanya kazi za nyumba hao watakapotoka. Naye Joan Scott, mwaka 1991, alisema kwamba hata namna mtu anavyoyafahamu yaliyompata ina asili yake, nayo yataka kuchunguzwa.

Basi sisi twaona hivi. Asemaye, "Yamenipata," na asikilizwe, wala asidharauliwe. Ama asemaye, "Yamenipata mimi, basi ndivyo yalivyo kwa wote," huyo na aulizwe: je, mtumishi wako umemsikiliza? Kwani asiyesikia ushahidi hufunga mlango wa haki, na afanyaye ushahidi wake kuwa wa wote huwafumba wengine midomo. Wote wawili ni madhalimu.