Je, Yafaa Kumtabiria Mtu Wazimu?



Katika mafundisho ya amri ya kwanza mmesikia ya kuwa Mkristu haendi kwa mfumu kuuliza habari za kesho. Kesho ni mali ya Mungu. Wengi wenu mmelishika neno hilo vema. Lakini swali jingine lafuata, nalo si jepesi. Daktari akimtazama kijana anayelima, anayekula na kusali kama wenzake, kisha akasema, "Huyu yumo hatarini kupatwa na wazimu," je, naye amepiga ramli? Na kama neno lake lina ukweli ndani yake, yafaa kulisema?

Kwanza tujue waganga wa hospitali wanajua nini hasa. Wazimu ninaoutaja hapa ni ule ugonjwa ambao mtu husikia sauti zisizo na msemaji, huamini kwa nguvu mambo yasiyokuwako, na huwaona ndugu zake kuwa adui. Waganga huuita saikosisi. Mara nyingi haumjii mtu ghafula kama radi. Miezi mingi kabla, pengine miaka, kijana huanza kujitenga. Usiku halali. Huacha kuoga, huacha shule, hushuku kwamba watu wanaocheka barabarani wanamcheka yeye. Husikia jina lake likiitwa, hugeuka, haoni mtu.

Hapa niseme neno kando, maana najua mtaniuliza. Samweli naye aliitwa usiku, wala hakuwa mgonjwa. Mjane aliyemzika mumewe juzi akiisikia sauti yake mlangoni, huo ni uchungu wa kilio, si wazimu. Na mtu mwenye homa kali akianza kupayuka, msikae kumjadili. Huenda malaria imempanda kichwani, naye apelekwe hospitali siku ile ile.

Turudi kwenye habari yetu. Mwaka 1994, katika mji wa Melbourne, nchi ya Australia, waganga Patrick McGorry na Alison Yung walianza kliniki ya vijana wenye dalili hafifu za namna hiyo. Waliwapokea waliokuja wenyewe kutafuta msaada, wakaandika hali ya kila mmoja, wakangoja kuona nani ataugua na nani hataugua. Hesabu zao za kwanza zilionyesha ya kuwa katika vijana 10, karibu 4 waliugua kabla mwaka haujaisha. Waganga wa nchi nyingine wakafuata njia hiyo, na hesabu ikashuka. Mwaka 2012 hesabu za kliniki nyingi zilikusanywa pamoja: katika vijana 100 wenye dalili hizo, 22 walikuwa wameugua baada ya mwaka mmoja, na 36 baada ya miaka mitatu.

Sasa tuwaweke vijana hao 100 katika safu mbele ya kanisa. Miaka mitatu ikipita, 36 wameugua na 64 hawakuugua. Kati ya hao 64 wengine wamepona kabisa, na wengine wana huzuni au wasiwasi wa aina nyingine, lakini wazimu haukuwapata. Je, daktari aliweza siku ya kwanza kupita katika safu ile akimgusa kila mmoja wa wale 36 begani? Hasha. Alijua kwamba wamo, hakujua ni akina nani. Tena safu hiyo ni ya watu waliokwisha kuja kliniki na shida zao, na wengi wao walikuwa wa Ulaya, Amerika na Australia. Hairuhusiwi kuichukua hesabu hiyo na kuitandaza juu ya kijiji chetu kizima.

Hapo ndipo daktari na mfumu wanapoachana njia. Mfumu humtaja mtu mmoja, na mara nyingi humtaja na adui yake: shangazi, mke mwenza, mtoto yatima. Asipopatia, husema kuku alikuwa mbaya. Sijapata kumwona mfumu mwenye daftari la makosa yake. Daktari huhesabu watu wengi, huandika pale alipokosea, na mwenzake huja kumsahihisha, kama vile 4 katika 10 ilivyosahihishwa. Kwa hiyo anayehesabu dalili hatendi dhambi ya ramli, kama vile asivyoitenda mkulima anayesema mvua itachelewa kwa sababu ameuona upepo.

Lakini msifurahi upesi. Neno la daktari laweza kutoka katika kinywa chake likiwa hesabu na kufika kijijini likiwa ramli. Yeye amesema, "Yuko katika wale 100." Mpita njia amesikia, "Atakuwa kichaa." Kufika kisimani imekuwa, "Ni kichaa." Tangu siku hiyo akikasirika, wasema unaanza. Akinyamaza, wasema umeanza. Hapewi jembe zuri, hatumwi sokoni na fedha, watoto wanaitwa wasimkaribie. Kijana aliyekuwa anajitenga kidogo sasa ametengwa kabisa, na waganga wanajua ya kuwa upweke na kudharauliwa huongeza hatari ile ile tuliyodhani tunaikimbia. Hata waganga wenyewe waliogopa jambo hili. Mwaka 2013, walipokitoa upya kitabu chao kikuu cha magonjwa ya akili huko Marekani, hawakuikubali hali hiyo ya hatari kuwa ugonjwa kamili. Waliiweka katika sehemu ya mambo yanayohitaji kuchunguzwa zaidi. Wengi walihofu kwamba vijana wasiougua watabandikwa jina la ugonjwa na kunyweshwa dawa kali bure.

Je, basi tunyamaze? Wapo wanaosema hivyo, na wanadhani ni huruma. Mimi sikubaliani nao. Mtu aliyekwisha kuugua kweli, akikaa muda mrefu bila matibabu, kwa kawaida hupona kwa shida zaidi. Na muda huo hupitia wapi? Hupitia kwa mfumu, kisha katika chumba cha maombi ambako pengine hufungwa kamba na kunyimwa chakula, kisha kwa mfumu wa pili. Ukimya wetu ndio uliomfungulia njia hiyo.

Mkumbukeni nabii Yona. Alitumwa kuwaambia watu wa Ninawi ya kuwa mji wao utaangamia, nao wakasikia, wakageuka, mji ukapona. Yona akakasirika, maana neno lake halikutimia! Hakufahamu kwamba Mungu alimtuma aseme ili lisitimie. Mfumu hujisifu utabiri wake unapotimia. Anayeonya kwa upendo hushukuru onyo lake linapokosa kutimia. Mfano huu una mpaka, nami nauweka wazi: watu wa Ninawi walikuwa na dhambi ya kuijutia, lakini kijana wetu hana hatia katika ugonjwa wake. Wanafunzi walipomwuliza Bwana Yezu juu ya kipofu tangu kuzaliwa, ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, alikataa maneno hayo yote mawili.

Basi onyo lisemwe, lakini lisemwe kwake mwenyewe, na kwa wale wanaomtunza ikiwa yeye akubali, si katika mkutano wa shirika, wala kisimani. Liambatane na msaada, maana onyo lisilo na msaada ni mzigo tu. Vijana wa namna hiyo kwa kawaida hawaanziwi na dawa za wazimu. Husaidiwa kwanza kwa mazungumzo yaliyopangwa vizuri, kwa kulala usiku, kwa kurudishwa katika kazi na katika watu, na kwa kuacha bangi, ambayo imejulikana kuongeza hatari hii. Mengi ya hayo hayahitaji daktari. Kumwita kijana tulime pamoja ni jambo ambalo jirani aliweza kulifanya hata kabla ya Melbourne.

Na kama ugonjwa ukija kweli? Yohane wa Mungu, ambaye Kanisa lamkumbuka tarehe 8 Machi, alifungiwa pamoja na wenye wazimu huko Granada, nchi ya Hispania, katika karne ya 16, akapigwa kama walivyopigwa wagonjwa wote wakati huo. Alipotoka alianzisha hospitali ambamo wagonjwa walilazwa vitandani na kuoshwa kwa heshima. Waliomwona akiburutwa njiani, ni nani kati yao aliyemtabiria hivyo?

Linabaki neno la ukoo, na najua ndilo linalowachoma wengi wenu, maana ndoa nyingi zimevunjwa kwalo kabla ya mahari. "Mama yao alikuwa na wazimu, msioe kule." Ni kweli kwamba damu ina sehemu yake. Katika ule wazimu mkubwa unaodumu, mtu wa kawaida hupatwa kwa kadiri ya 1 katika 100. Mtoto wa mzazi mgonjwa, kadiri ya 10 katika 100. Basi hatari yake imeongezeka mara kumi, na hata hivyo 90 hawaugui. Hata pacha wanaofanana kabisa, mmoja akiugua, mara nyingi mwenzake hubaki salama, ingawa damu yao ni moja.

Padri atakapowaita wachumba, atataka kujua kama kila mmoja ana akili timamu ya kufahamu anachoahidi, na kama anaahidi kwa hiari yake. Asiyeweza kufahamu siku ile hawezi kufunga ndoa. Lakini katika vizuizi vya ndoa vinavyotajwa na sheria ya Kanisa, hakuna kinachoitwa wazimu wa mama mkwe.